Kadi inayorudisha senti ilivyotaka kumlia dola mama wa watoto watatu

Saa 11 alfajiri, mama huyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika idara ya dharura ya hospitali moja jijini Houston, Texas. Mwanawe wa mwisho alikuwa amelala kifuani pake baada ya kuvutishwa dawa ya pumu kwa mara ya tatu usiku huo. Yeye mwenyewe alikuwa bado na sare ya kazini. Alikimbia zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee baada ya mumewe kupiga simu kwamba kifua cha mtoto kinabana na inhela imeisha.

Mhudumu wa malipo, binti mpole tu, alimsogezea karatasi na kumuuliza angependa kulipaje. Bima ya kazini ilikuwa inamtaka abebe sehemu ya mwanzo ya gharama mwenyewe, na makadirio ya sehemu hiyo yalikuwa dola 2,400.

Kwenye pochi alikuwa na kadi mpya ya mkopo, wiki tatu tangu ifike kwa posta, yenye ukomo wa dola 3,000. Ni ile aina inayomrudishia mtumiaji asilimia 1.5 ya kila anachonunua. Anakiri kwamba hata akiwa na mtoto mgonjwa mapajani, kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni hesabu: dola 2,400 mara asilimia 1.5 ni dola 36 za bure.

Aliyemzuia ni muuguzi wa Kikenya aliyemsikia akiongea Kiswahili kwenye simu. Alimsogelea na kumnong'oneza kwamba kadi airudishe kwenye pochi kwanza, aombe fomu ya msaada wa kifedha wa hospitali.

Mama huyo, mzaliwa wa Muheza mkoani Tanga, ambaye ameomba jina lake lihifadhiwe, anasema hakuwahi kusikia kwamba kuna fomu kama hiyo. Ila kuhusu kadi alikuwa anajua mengi, kwa sababu alikuwa ameitafuta kwa zaidi ya miaka miwili.

Kutokuwa na deni nako ni tatizo

Mara ya kwanza kukataliwa ilikuwa dukani. Alikwenda kununulia watoto viatu vya shule, mhudumu akamwambia akichukua kadi ya duka atapata punguzo papo hapo. Alijaza, akakataliwa. Kwa hasira, jioni ileile aliomba kadi ya benki nyingine kwa simu. Akakataliwa tena.

Hakuelewa. Alikuwa na kazi, analipa kodi ya nyumba kwa wakati, hadaiwi na mtu yeyote. Kwa malezi ya Muheza, mtu asiyedaiwa ndiye mtu wa kuaminika.

Marekani mambo yako kinyume kidogo. Benki haiulizi kama unadaiwa. Inauliza kama umewahi kukopa ukarudisha. Kumbukumbu hizo zinatunzwa na kampuni tatu kubwa, Equifax, Experian na TransUnion, na kutokana nazo hupatikana alama ambazo Watanzania wa huko huziita tu "krediti". Alama zinazotumika zaidi, za FICO, huanzia 300 hadi 850. Ili mtu apate alama hizo hata kidogo, anatakiwa awe na angalau akaunti moja ya mkopo yenye umri wa miezi sita. Asiye nayo hana alama mbaya, hana alama kabisa, na kwa kompyuta ya benki hao wawili hawatofautiani sana.

Mzazi aliyeko Dar es Salaam au Nairobi anayetumia Songesha au Fuliza hatapata shida kulielewa hili. Laini mpya uliyosajili jana haikopeshwi hata ukiwa tajiri. Mtandao unataka kwanza uone unavyoingiza na kutoa.

Katika alama za FICO, asilimia 35 inatokana na kulipa kwa wakati na asilimia 30 inatokana na kiasi unachodaiwa ukilinganisha na ukomo wako. Umri wa akaunti zako ni asilimia 15. Zinazobaki zinagawanywa kati ya maombi mapya na aina za mikopo uliyonayo. Ndiyo maana kuomba kadi mbili kwa siku moja kwa hasira hakukumsaidia. Kila ombi rasmi huacha alama kwenye kumbukumbu inayodumu miaka miwili, na yakirundikana mtu huonekana kama anahaha.

Kuna njia ya kupima kwanza. Benki nyingi kubwa zina ukurasa wa kukuonyesha kadi ambazo una nafasi nzuri ya kupewa, bila kugusa alama zako. Si ahadi, lakini ni afadhali kuliko kubahatisha.

Kosa lake jingine lilikuwa kutupa barua. Sheria ya Marekani inaitaka benki iliyokukataa ikueleze sababu, na ukikataliwa kwa sababu ya kumbukumbu za mikopo una haki ya kuomba nakala ya kumbukumbu hizo bure ndani ya siku 60. Yeye alizisoma barua zote mbili hadi neno la masikitiko, akazichana. Ni sawa na kutupa majibu ya maabara kwa sababu yametaja ugonjwa. Angesoma aya ya pili angekuta imeandikwa wazi kwamba hana historia ya kutosha, na mwaka mzima usingepotea.

Jambo moja zaidi kwa wanaotoka kwetu ni majina. Mtu ana majina matatu, kwenye hati moja la babu limekuwa la ukoo, kwenye nyingine limeachwa. Kumbukumbu zinaweza kugawanyika au kuchanganyika na za mtu mwingine. Tovuti ya AnnualCreditReport.com inatoa ripoti za kampuni zote tatu bila malipo, na inafaa kuzikagua kabla ya kuomba chochote.

Dola 300 za kuanzia

Mlango aliopitia hatimaye ni kadi ya dhamana. Unaiwekea benki fedha yako, yeye aliweka dola 300, na kiasi hicho ndicho kinakuwa ukomo wako. Ukishindwa kulipa, benki ina pa kushika. Ukilipa vizuri kwa miezi kadhaa, wengi hurudishiwa dhamana na kupewa kadi ya kawaida.

Watu huidharau kadi hii wakidhani ni ya maskini isiyorudisha kitu. Si kweli. Discover it Secured, kwa mfano, imekuwa ikirudisha asilimia 2 kwenye vituo vya mafuta na migahawa kwa matumizi yasiyozidi dola 1,000 kwa robo mwaka, na asilimia 1 kwingineko. Haina ada ya mwaka. Kadi ya dhamana yenye ada ya kila mwezi na "ada ya kufungua faili" ikimbieni.

Hapo pia aliteleza. Mwezi wa pili alinunua nepi, maziwa na mafuta ya gari hadi akafika dola 270 kati ya zile 300, akalipa zote bila kubakisha senti, halafu akashangaa alama zimeshuka. Benki nyingi hutuma taarifa kwa kampuni za kumbukumbu siku taarifa ya mwezi inapofungwa, kabla hujalipa. Siku hiyo alionekana ametumia asilimia 90 ya ukomo wake. Dawa yake ni ndogo: kulipa siku mbili tatu kabla ya taarifa kufungwa, ili kinachoonekana kiwe chini ya theluthi, na kikiwa chini zaidi ndiyo bora.

Kwa kina mama wanaokaa nyumbani na watoto, liko jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu mwaka 2013, mwombaji mwenye miaka 21 au zaidi anaruhusiwa kuandika kwenye fomu kipato cha mwenza ambacho kwa hali ya kawaida anaweza kukitumia. Kwa hiyo mke asiye na ajira hana sababu ya kuandika sifuri. Vilevile mume mwenye kadi nzuri anaweza kumwingiza mkewe kama mtumiaji wa ziada, na mara nyingi historia ya kadi hiyo huanza kuonekana kwa jina la mke pia. Ubaya wake ni kwamba mume akichelewa kulipa, doa linaweza kuwaangukia wote. Hili linahitaji ndoa ambayo watu wanaonyeshana taarifa za benki, na wanandoa wa aina hiyo, tuseme ukweli, si wengi.

Asiye na namba ya hifadhi ya jamii asikate tamaa, kwani baadhi ya benki hupokea namba ya mlipakodi. Nazo familia za Wakongomani zilizotoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na nyinginezo, huwa na mkopo usio na riba wa nauli ya ndege waliopewa kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Marejesho yake yanaweza kuripotiwa kwa kampuni za kumbukumbu. Kuna waliojenga krediti kwa mkopo huo bila kujua, na kuna walioiharibu kwa sababu walidhani ulikuwa msaada.

Ipi ya kuchagua

Baada ya mwaka na miezi mitatu, alama zake zilivuka 690 na benki zikaanza kumtumia barua zenyewe. Hapo ndipo tatizo likageuka kuwa la kuchagua.

Kadi za kurudisha fedha zipo za makundi matatu hivi. Zipo zinazorudisha kiwango kimoja kwa kila kitu: Capital One Quicksilver asilimia 1.5, Wells Fargo Active Cash asilimia 2, na Citi Double Cash asilimia 1 unaponunua na nyingine unapolipa. Zipo zinazopendelea matumizi fulani. Na zipo zinazobadilisha matumizi hayo kila miezi mitatu, kwa asilimia 5 hadi ukomo fulani, lakini lazima ukumbuke kuingia na kujiandikisha kila robo. Kwa mama wa watoto watatu anayefanya zamu za usiku, hizo za mwisho ni kazi nyingine ya ziada. Viwango hivi hubadilika, hivyo fomu ya siku unayoomba ndiyo ya kuaminiwa kuliko gazeti.

Mumewe, dereva wa lori ambaye huwa nyumbani siku tisa kwa mwezi, alikuwa ameshapendezwa na Blue Cash Preferred ya American Express. Inarudisha asilimia 6 kwenye maduka ya vyakula, kwa dola 6,000 za mwanzo kila mwaka. Asilimia sita! Ada yake ni dola 95 kwa mwaka.

Walikaa mezani na risiti. Chakula na vitu vya nyumbani vinawagharimu kama dola 900 kwa mwezi, yaani 10,800 kwa mwaka. Lakini theluthi mbili hununua Walmart, na kwa kadi hiyo Walmart na maduka ya jumla hayahesabiwi kuwa maduka ya vyakula. Kwa hiyo asilimia 6 ingeangukia dola 3,600 tu, sawa na dola 216. Zile 7,200 nyingine zingerudisha asilimia 1, dola 72. Jumla 288, toa ada ya 95, unabaki na 193. Kadi ya asilimia 2 isiyo na ada ingewapa dola 216 bila kufikiria chochote.

Familia inayonunua kila kitu kwenye duka la vyakula la kawaida ingepata jibu tofauti kabisa. Kadi ya rafiki yako imemfaa rafiki yako kwa sababu anakula anachokula na kununua anakonunulia.

Mwisho wa yote hawakuipata ile ya asilimia 2. Kwa alama zake, ukurasa wa kupima ulimwonyesha ya asilimia 1.5, akaiomba hiyo, akapewa.

Pale fedha inaporudi kwa mwenye kadi

Hesabu ya dola 216 kwa mwaka ina sharti moja: deni lote lilipwe kila mwezi. Riba za kadi za mkopo Marekani kwa miaka ya karibuni zimekuwa kwa wastani juu ya asilimia 20 kwa mwaka. Chukua deni la dola 1,500 kwa riba ya asilimia 24. Kwa mwezi ni kama dola 30. Kurudishiwa asilimia 2 ya ununuzi huohuo ni dola 30. Mwezi mmoja wa kuchelewa umekula yote, na mwezi wa pili unaanza kula mfukoni mwako. Sheria ya mwaka 2009 inazitaka benki ziandike kwenye taarifa ya mwezi itakuchukua muda gani kumaliza deni ukilipa kiwango cha chini tu. Kisanduku hicho kisomwe na wote wawili.

Na kuna mitego miwili inayowanasa hasa watu wa kwetu. Wa kwanza ni kutuma fedha nyumbani. Aprili mwaka jana, mama mzazi wa dada huyu alilazwa Bombo, Tanga, na ndugu wakaomba dola 500 haraka. Alituma kwa programu ya simu akitumia kadi ya mkopo, akitegemea kurudishiwa chochote. Benki nyingi huhesabu muamala wa namna hiyo kuwa ni kutoa fedha taslimu kwa mkopo. Hakuna marejesho hapo. Kuna ada, mara nyingi asilimia 5, na riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo bila zile wiki tatu za neema. Alipoona ada ya dola 25 alidhani ameibiwa. Kutuma kwa akaunti ya benki ya kawaida kungechukua siku moja zaidi na kumgharimu kidogo sana.

Wa pili ni likizo. Kadi nyingi hutoza karibu asilimia 3 kwa kila malipo yanayofanyika nje ya Marekani. Ukinunulia shangazi friji Kariakoo kwa kadi inayorudisha asilimia 2, umepoteza asilimia 1 na bado unajiona mjanja. Zipo kadi zisizotoza ada hiyo, Quicksilver ni mojawapo.

Bili ya hospitali si kapu la Walmart

Kuanzia hapa habari hii inatoka benki na kuingia wodini.

Tangu mwaka 1986, sheria ya Marekani inazilazimu hospitali zenye idara ya dharura zinazopokea fedha za Medicare kumchunguza na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kujali kama ana uwezo wa kulipa. Kwa hiyo mama aliye na mtoto anayepumua kwa shida hana sababu ya kutanguliza kadi ndipo mtoto ahudumiwe. Suala la malipo linaweza kungoja.

Hospitali zisizo za faida, ambazo ndizo nyingi nchini humo, zinatakiwa kisheria kuwa na sera ya maandishi ya msaada wa kifedha na kuitangaza. Mgonjwa ana siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitalini kuwasilisha maombi. Wenye bima nao wengi hustahili, kwa kuwa kinachoangaliwa ni kipato na ukubwa wa familia, na kila hospitali ina kiwango chake.

Ukishatelezesha kadi, hospitali imelipwa. Anayekudai sasa ni benki, na benki haina fomu ya msaada kwa mtoto mwenye pumu. Unapoteza pia kinga nyingine. Tangu Julai 2022, kampuni tatu za kumbukumbu hazionyeshi deni la matibabu lililopelekwa kwa wakusanya madeni mpaka lifikishe mwaka mmoja, na tangu Aprili 2023 yale yaliyo chini ya dola 500 hayaonyeshwi kabisa. Deni hilohilo likiwa kwenye kadi ni deni kama la televisheni. Ukichelewa siku 30, linaweza kuripotiwa.

Ziangaliwe kwa jicho hilohilo kadi maalumu za matibabu zinazotolewa kwenye kliniki nyingi, hasa za meno, kwa ahadi ya miezi 6 au 12 bila riba. Nyingi zina sharti kwamba ukibakiza hata dola kumi muda ukiisha, unatozwa riba yote kuanzia siku ya kwanza. Anayetaka kulipa kidogo kidogo aiulize hospitali au kliniki yenyewe kama ina mpango wa awamu usio na riba. Mara nyingi upo, ila hautajwi mpaka uulizwe.

Mama huyo hakulipa chochote alfajiri ile. Aliondoka na mtoto, dawa na fomu. Ilimchukua jioni mbili kuijaza: hati za mishahara za miezi mitatu, nakala ya kodi ya mapato, idadi ya wanaomtegemea. Sehemu moja hakuielewa, akapiga simu na kuomba mkalimani, akaunganishwa na mtu wa Kiswahili asichokitegemea, cha Bukavu. Wakaelewana.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Bili ilishushwa hadi dola 480, alipe dola 40 kwa mwezi kwa mwaka mmoja, bila riba. Malipo hayo yanakatwa kwenye akaunti yake ya kawaida kila tarehe 5, siku mbili baada ya mshahara.

Kadi yenyewe anayo bado. Inakaa kwenye gari kwa ajili ya mafuta na kapu la Walmart, na hulipwa yote kabla taarifa haijafungwa. Inhela sasa ziko mbili, moja juu ya friji na nyingine kwenye begi la shule la mtoto, na tarehe ya kujaza tena ameiandika kwenye kalenda ya ukutani, kando ya ile ya kulipa kadi.